Kibao Chekundu cha Gråhamn

Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, ikazima. Hilding Brask aliipiga teke, akaibembeleza, kisha akaitukana matusi yote yanayojulikana pwani ya Bohuslän. Haikuitika. Upepo wa kusini magharibi, uliotabiriwa kufika jioni, ulikuwa umeshawafikia saa nane mchana, na bahari iliyokuwa ya buluu asubuhi ilikuwa imegeuka rangi ya risasi.

"Tupa nanga," alisema mkewe, Asta.

"Hapa kina ni kirefu. Haitashika."

"Itupe hivyo hivyo."

Akaitupa. Ikakokoteka chini bila kushika kitu. Nyuma yao, mita mia tatu tu, visiwa vya mwamba vilikuwa vikipotea ndani ya povu na kuibuka tena, vyeusi na vyenye kung'aa.

Asta hakumlaumu. Tangu asubuhi alikuwa hajasema naye neno lisilo la lazima, na Hilding alijua sababu.

Kila Julai bandari ya Gråhamn hufurika. Wanorwe, Wadenmaki na Wajerumani huja na boti zao, zikafungwa ubavu kwa ubavu, tano tano, mpaka mtu wa mwisho avuke sitaha za wenzake wanne ndipo afike nchi kavu. Ndiyo maana kila mwenyeji ana kibao kidogo kwenye nafasi yake gatini. Akiondoka kwa zaidi ya siku moja, hukigeuza upande wa kijani, na mgeni huruhusiwa kuingia; kikiwa chekundu, maana yake mwenyewe anarudi siku hiyo hiyo. Hilding alikuwa amekigeuza chake kila kiangazi kwa miaka ishirini na sita. Lakini mwaka huu kamati ya bandari ilimhamisha kutoka nafasi yake ya zamani, karibu na ngazi, ikampeleka gati la nje lenye upepo na kina kirefu, ili wageni wapate pa kukaa pazuri. Basi asubuhi ile alifungua kamba zake, akakiacha kibao chekundu.

"Mzee Hilding, geuza kibao basi!" Roffe, msimamizi wa bandari, alimpigia kelele. "Leo hapa patajaa mpaka pa kutemea mate pakosekane."

"Narudi sasa hivi."

"Sasa hivi, na masanduku yote hayo ya bia?"

"Nina kiu, Roffe."

Watu gatini wakacheka. Asta hakucheka.

Sasa boti yao ilipiga mwamba kwa ubavu, ikapasuka kwa sauti kama ya mlango unaovunjwa. Asta aliruka kwanza, kamba mkononi. Hilding alimfuata akiwa na mfuko mmoja tu, wenye chupa ya kahawa na blanketi. Redio ilikuwa imebaki majini, na simu zilikuwa zimelowa na kufa. Wakatambaa kwa magoti hadi juu, wakajibanza kwenye ufa ambao mawimbi hayakuufikia.

Haikupita saa nzima, Asta akainua kichwa.

"Kuna wengine."

Ilikuwa boti kubwa ya tanga, bendera ya Denmaki nyuma, tanga limechanika vipande vipande. Ndani yake walikuwa watu wawili wazee wakipigana na usukani. Iligonga mwamba uliojificha majini, mita arobaini kutoka kwao, na mlingoti ukaanguka.

Hilding alijifunga kamba kiunoni. Asta akaketi nyuma ya jiwe, akakaza miguu, akaishika ncha nyingine.

"Nikivuta mara mbili, nivute."

"Nitakuvuta nikiona inafaa," alisema Asta.

Maji yalimkata pumzi. Wimbi lilimbamiza kwenye kome waliogandia mwambani, wenye makali kama chupa iliyovunjika, na ngozi ya kiganja chake ikabaki huko. Alimfikia mwanamke, akamkamata kwa mkanda wa jaketi la kujiokoa. Mwanamke alikuwa ameng'ang'ania mkono wa shati la mumewe.

"Mwachie! Nitarudi kumchukua!"

Hakumwachia. Wimbi ndilo lililowaachanisha. Hilding alimfikisha mwanamke mwambani, akarudi majini mara ya pili, akarudi mara ya tatu. Aliona maboya ya pembeni mwa boti, godoro, kofia. Mara ya nne Asta alimvuta kwa nguvu, na hakutaka kumsikiliza.

Mwanamke aliitwa Birthe. Mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti. Asta aliunyoosha, akaufunga kwa kipande cha kasia, na Birthe akaliuma blanketi kwa uchungu. Walikunywa kahawa kifuniko kimoja kimoja. Ilipoisha, Hilding alionja maji ya mvua yaliyotuama kwenye shimo la mwamba.

"Yana chumvi," alisema. "Na mavi ya ndege."

"Tuloweshe midomo tu," alisema Asta.

Birthe alianza kusema bila kuulizwa, macho yake yakiwa baharini.

"Tulitaka kulala Gråhamn. Aksel, mume wangu, alikuwa amechoka. Boti yetu ni nzito, inataka kina. Yule bwana wa bandari alituonea huruma kabisa. Alisema nafasi inayotufaa ni moja tu, na iko tupu, lakini kibao chake ni chekundu. Mwenyewe yuko njiani anarudi. Akatwambia twende bandari ya kaskazini, mwendo wa saa mbili tu. Tuliizunguka ile nafasi mara mbili. Aksel alisema tuingie tu, tuombe radhi baadaye. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia si ustaarabu."

Hilding alisimama, akaupa mgongo ufa ule. Asta akachana kitambaa chake cha kichwani, akamvuta aketi, akaanza kumfunga kiganja.

"Legeza kidogo, mke wangu."

"Hapana," alisema Asta.

Hakuna aliyelala. Birthe alimwita mumewe mpaka sauti ikamkauka. Kulipopambazuka bahari ilikuwa imetulia, na Asta alitundika jaketi la rangi ya machungwa kwenye kasia. Kivuko cha kwanza kiliwaona. Boti ya waokoaji wa kujitolea ikafika, na mmoja wao alikuwa jirani yao, Kjell.

"Hilding, bwana wee!" alisema Kjell, akimfunika blanketi kavu. "Kwa mkono huo? Kwa umri huo? Mji mzima utasimama kukupongeza."

Birthe, aliyelazwa kwenye benchi ndani ya chumba cha boti, aliushika mkono wa Hilding uliofungwa.

"Wanangu watataka kukuona," alisema. "Watataka kukushukuru."

"Ile nafasi tupu," alisema Hilding. "Ni yangu."

Kjell aligeuza uso. Birthe alimtazama mzee huyo kama mtu anayetafuta mlango.

"Lakini ulikuwa unarudi," alisema. "Upepo ndio uliokuzuia."

"Sikuwa narudi."

"Ungerudi lini?"

"Jumapili."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Birthe aliuachia mkono wake taratibu.

"Nitoe nje," alimwambia Kjell.

"Nje kuna baridi, mama, na mguu huo..."

"Nje."

Kjell alimbeba. Asta akainuka, akaliondoa blanketi mabegani mwa mumewe, akawafuata nalo, akaufunga mlango nyuma yake.