Maziwa ya Duka Ndani ya Kopo la Dubu

Kila asubuhi, kabla ya kufanya lolote, Chiriku alichemsha chupa za Bwana Mdogo. Bwana Mdogo alikuwa mdogo wake wa miezi mitatu. Baba yao ndiye aliyempa jina hilo, maana nyumba nzima ilikuwa ikimtumikia: akilia watu wanakimbia, akilala watu wananong'ona. Chiriku naye jina lake la utani alilipata kwa sababu ya mdomo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na hakujua kunyamaza, hata anapopiga mswaki.

Bwana Mdogo alinyonya vizuri, lakini maziwa ya mama yake hayakumtosha, hivyo muuguzi wa zahanati alishauri aongezewe ya kopo. Walianza kumnunulia maziwa yenye picha ya dubu, yale yaliyotangazwa redioni kutwa kucha. Yalikuwa maziwa mazuri, ila bei yake haikushikika. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na siku hizo wateja walikuwa wamepungua. Kila kopo jipya lilipoingia nyumbani, kitu kingine kilikosekana.

Jumamosi moja, maziwa ya kopo yalipokaribia kwisha, mama na Chiriku walikwenda supamaketi. Mama hakunyoosha mkono kwenye rafu ya katikati kama kawaida. Aliinama hadi rafu ya chini kabisa, akatoa paketi nyeupe isiyo na picha ya mnyama yeyote. Iliandikwa jina la duka lenyewe, basi.

"Mama, haya si ya watu wasio na pesa?" Chiriku aliuliza kwa sauti iliyomfikia hata keshia.

"Kwani sisi tunazo?" Mama alicheka. "Njoo hapa usome, macho yako makali kuliko yangu."

Walilinganisha kopo na paketi: umri wa mtoto, virutubisho, tarehe ya mwisho wa matumizi. Karibu vyote vilifanana.

"Nilishamuuliza muuguzi," mama alisema. "Kasema haya yanafaa kabisa. Ila kila maziwa yana vipimo vyake vya kuchanganya, lazima usome kwanza. Huyu dubu, mwanangu, tunamlipia picha yake na kelele zake redioni."

Wakachukua na nepi za duka, na sabuni ya mtoto ya duka. Walipolipa, mama alibakiwa na pesa za kutosha kumnunulia Chiriku viatu vya shule, maana likizo ilikaribia kwisha na vya zamani vilikuwa vimeanza kucheka. Chiriku alirudi nyumbani akirukaruka.

Furaha hiyo iliisha jioni, baba aliposema kwamba dada yake angefika Jumatatu kumlea mtoto, kwa sababu mama alikuwa anarudi kazini kwenye kiwanda cha kushona sare. Shangazi alikuwa na moyo mkubwa, na mdomo mkubwa zaidi. Alipokuja mara ya mwisho aliishika sabuni ya mtoto ya bei nafuu, akaitazama huku na huku kama aliyeokota mende, akasema, "Rahisi ni ghali, wifi. Mtoto wa kaka yangu asilelewe kwa vitu vya kuokoteza." Mama alicheka mbele yake. Kisha akaingia jikoni na kulia, akidhani hakuna anayemwona. Chiriku alimwona.

Jumatatu asubuhi mama alinyonyesha, akavaa viatu harakaharaka. "Kopo la zamani limekwisha. Mwambie shangazi yako afungue ile paketi mpya, na asome maelekezo kabla ya kuchanganya. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Lakini mama alipotokomea tu, Chiriku alilichukua kopo la dubu, akalifuta likakauka, akamimina humo unga wote wa paketi pamoja na kijiko chake cha kupimia. Kijiko cha zamani alikitupa. Paketi aliikunja na kuisukuma chini ya kitanda. Moyoni alijiambia kwamba hakumdanganya mtu, ila amemwepushia mama yake machozi.

Shangazi alipoingia jikoni, alipiga makofi. "Dubu! Hapo sasa! Wifi yangu kajirekebisha." Akalisogeza kopo karibu na macho, akasoma maelekezo kwa makini: kijiko kimoja kwa kila mstari mmoja wa maji kwenye chupa. Akafuata hivyohivyo. "Tazama yalivyo mazito," alisema akiitikisa chupa. "Unaiona pesa ilikokwenda?"

Chiriku alijiumauma midomo asicheke. Jioni mama alirudi, akaona watu wanaelewana, akamshukuru Mungu. Usiku alimnyonyesha mwanawe mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuchanganya maziwa. Kopo la dubu alipoliona mezani, alidhani limesahauliwa tu kutupwa.

Jumanne Bwana Mdogo hakuwa na raha. Alilia kutwa, akajikamua bila kupata choo, akaivamia chupa kwa kiu kisha akaisukuma. Jumatano mchana midomo yake ilikuwa imekauka, na nepi aliyovalishwa asubuhi ilikuwa kavu vilevile. Kilio chake kilikuwa kimegeuka kuwa mnong'ono. Shangazi alimpigia mama simu kiwandani, akamfunika mtoto shuka, akamshika Chiriku mkono, wakaenda zahanati nusu wakikimbia.

Muuguzi aliita daktari, na huku akimvua mtoto nguo akauliza, "Anakunywa maziwa gani?"

"Ya dubu, yaleyale aliyoyazoea," shangazi alijibu. "Ninachanganya mimi mwenyewe, kama kopo linavyosema."

"Hakuna kilichobadilika?"

"Hakuna."

"Basi itabidi apelekwe hospitali kubwa, atafutwe ugonjwa mwingine," muuguzi alisema, akachukua sindano ya kutolea damu.

Chiriku aliutazama ule mkono mdogo uliofungwa mpira. Alijua akisema, shangazi atamsema mama yake mpaka mwisho wa dunia. Akinyamaza, watatafuta ugonjwa ambao haupo.

"Yamebadilika," alisema. "Si ya dubu. Ni maziwa ya duka. Niliyatia mimi kwenye kopo la dubu."

Shangazi aligeuka. Muuguzi akaweka sindano chini. "Na kijiko? Uliweka kijiko gani?"

"Kile kilichotoka kwenye paketi."

Muuguzi alishusha pumzi ndefu. "Kijiko cha yale maziwa ni kikubwa. Kimoja ni cha mistari miwili ya maji, si mmoja. Mtoto amekuwa akinywa maziwa mazito mara mbili, na maji ya mwili yamempungukia."

Mama aliingia wakati huo, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Daktari alimpima mtoto, akasema wamewahi. Alimwambia mama anyonyeshe pale pale, kisha wabaki hapo mtoto aangaliwe. Chiriku alikaa sakafuni karibu na mlango, hakuthubutu kusogea. Saa zilienda taratibu sana. Hatimaye shangazi, aliyekuwa akiipapasa nepi kila mara, aliruka.

"Kakojoa!" alipiga kelele. "Wifi, kakojoa!" Mtu angedhani mtoto amefaulu mtihani wa taifa. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, na muuguzi pia akatabasamu.

Shangazi ndiye aliyemfuata Chiriku pale mlangoni. "Kwa nini ulifanya hivi, mwanangu?"

"Ulisema vitu vya kuokoteza," Chiriku alijibu akitazama chini. "Mama alilia jikoni."

Shangazi alimgeukia mama. "Wifi, sikujua. Nimekukosea, nisamehe. Ulimi wangu ndio uliomtia hofu huyu mtoto."

"Yamekwisha, wifi," mama alisema. Lakini macho yake yalikuwa kwa Chiriku. "Wewe njoo. Nimekukasirikia, na sitakuficha. Wakubwa husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo nusura kituumbue sote."

"Nisamehe, mama. Nilitaka usiaibike."

"Najua. Na umefanya vyema kusema kweli, ingawa ilikutisha." Mama alimvuta karibu. "Sikiliza. Kununua kwa kipimo cha mfuko wetu si aibu. Nilisoma, nikauliza, nikachagua, na yale maziwa hayana kosa lolote. Kosa ni kukiita kitu jina lisilo lake. Ukidanganya kwa ajili ya fahari, mara nyingi wewe hupatwi na kitu. Anaumia mwingine, na leo aliyeumia ni yule asiyeweza hata kusema panapomuuma."

Chiriku alimtazama mdogo wake, ambaye sasa alikuwa amelala mdomo wazi, matone ya maziwa kidevuni. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na mama yake akamwacha alie.