Damu Iliyochukuliwa Bila Kibali

“Verna, umekaa? Kaa kwanza.”

“Wakili, niambie tu! Moyo unataka kunitoka.”

“Tumeshinda rufaa! Majaji wote watatu. Polisi walimtoa Curt damu hospitalini akiwa hajitambui, bila kibali cha hakimu. Kipimo cha pombe kimetupwa nje. Hukumu imefutwa!”

Verna Dombrowski akajibwaga sakafuni, simu mkononi, pale pale jikoni katika shule alikokuwa akipika, akalia kwa sauti. Miaka mitatu! Miaka mitatu ya kwenda gerezani kumwona mumewe kila Jumamosi, katika baridi ile ya Wisconsin. Miaka mitatu anapishana na mama yake mzazi kanisani bila salamu. Maana aliyekufa katika ajali ya gari, Curt akiendesha, alikuwa Nolan, mdogo wake Verna, kitindamimba wa mama yao.

Curt aliapa kwamba kulungu aliruka barabarani. Aliapa pia kwamba alikuwa amekunywa bia mbili tu. Verna alimwamini, akamtetea mbele ya mama na mbele ya mji mzima.

Curt akatoka kwa dhamana, akisubiri kujua kama mwendesha mashtaka atafungua kesi upya. Ijumaa hiyo Verna akamkaangia samaki. Wakala, wakacheka kama maharusi.

“Mpenzi, kesho twende kwa mama. Nataka asikie kwa mdomo wako kwamba hukuwa mlevi.”

Curt akaweka uma chini.

“Ya nini tena, V? Mahakama si imeshasema?”

“Mahakama imesema polisi walikosea. Haijasema wewe hukulewa.”

Curt akaanza kukusanya sahani.

“Curt, nitazame. Zilikuwa bia mbili?”

“Verna, hayo yameshapita...”

“Nimeuliza, zilikuwa mbili?”

“Sikuhesabu. Baada ya bia tukaingia kwenye brandi. Nolan aliniomba funguo mara mbili. Nikamwambia, ‘Tulia, dogo, mimi nimeanza kuendesha wewe hujazaliwa.’”

“Na kulungu?”

“Hakukuwa na kulungu.”

Verna akasimama.

“Mama alikuja hapa akaniambia, ‘Mwanangu, huyo anakudanganya.’ Nikamfungia mlango, Curt! Mwanamke ametoka kumzika mwanawe, mimi nikamfungia mlango!”

“Niliogopa kukupoteza.”

“Ukaona afadhali nimpoteze mama?”

Akachukua koti, akaenda zake.

Mama Ardis alipofungua mlango na kuuona uso wa binti yake, alimvuta ndani, wakashikana wakalia hadi sauti zikawakauka.

Siku ya nne ujumbe wa Curt ukaingia:

“Wakili anasema bila ile damu hawana ushahidi wa kutosha, wataifuta kesi. Niko huru. Rudi nyumbani, mke wangu.”

Verna akajibu: “Huru mbele ya nani?”

Baada ya wiki moja, wakili ndiye aliyepiga simu, anahema.

“Verna, umemfanya nini huyu mwanamume? Anataka kukiri kosa! Kesi tumeshaishinda! Nimemkataza, hasikii.”

Mahakamani, mama na binti walikaa bega kwa bega. Jaji akauliza, “Bwana Dombrowski, unakiri kwa hiari yako? Hakuna aliyekulazimisha?”

“Kwa hiari yangu, mheshimiwa. Nililewa. Nolan aliniomba funguo, nikamnyima. Mama Ardis... sina uso wa kukutazama.”

Mama Ardis akajifunika uso kwa viganja.

Jaji akamhukumu miaka tisa. Askari wakamfunga pingu. Alipofika usawa wa benchi la Verna na mama yake, akawaomba wamwache asimame kidogo.

“V... utanisubiri?”

“Hapana, Curt.” Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta. “Ningekusubiri hata miaka ishirini, kama ungeniambia haya siku ile ya kwanza.”

“Kwani hunipendi tena?”

“Nakupenda. Ndiyo maana nalia.”