Paka Aliyekuja Ndani ya Kiroba

Wewe unayesoma, umewahi kuletewa mgeni nyumbani akiwa ndani ya kiroba?

Edina aliletewa. Ilikuwa jioni, pale kwake Area D, Dodoma. Edina ni fundi cherehani, na kazi zake anashonea sebuleni. Jioni hiyo alikuwa anakata sare za kwaya. Vitambaa vilikuwa vya zambarau, vimepangwa juu ya benchi, na kila kimoja kilikuwa na karatasi yenye jina la mwenyewe, imebanwa kwa pini. Mara bodaboda ikasimama nje. Mumewe, Eliakimu, akaingia ameshika kiroba cha unga. Kiroba kilikuwa kinacheza.

"Mama Yasinta, panya wamekwisha!" alisema Eliakimu.

"Kuna nini humo?"

"Paka. Nimempata Msalato kwa jamaa yangu. Dume, tena kubwa!"

Edina aliweka mkasi chini taratibu. Ni kweli, panya walikuwa wamemchosha. Walikuwa wametoboa gauni la mteja mmoja begani, na yule mama sasa akipita njiani anageuza uso. Kama wangetoboa na sare za kwaya, nani mtaani angemletea tena kitambaa? Hilo ndilo lililomkosesha Edina usingizi. Lakini pia alimjua mume wake. Huyu ndiye aliyeleta kuku kabla ya kujenga banda, kuku wakalala jikoni mpaka masika. Huyu ndiye aliyeleta miche ya mizabibu kabla ya kuchimba mashimo, miche ikakaukia ndani ya ndoo.

"Atakula nini?" Edina aliuliza.

"Panya."

"Na atajisaidia wapi?"

"Si huko nje!"

"Usiku milango tunafunga, Baba Yasinta."

"Mke wangu, paka ni paka. Unamuuliza maswali kama anaomba kazi serikalini!"

Kabla Edina hajafunga mlango wa chumbani, Eliakimu alifungua kiroba. Paka alitoka kama jiwe la manati. Alipita juu ya cherehani. Alipanda pazia, pazia likaanguka pamoja na fimbo yake. Kisha akajibanza nyuma ya friji, akawa anatoa sauti ya kutisha.

Binti yao Yasinta, wa darasa la nne, alimwonea huruma. Alimsogezea bakuli la maziwa. Baba yake akamkataza kumpa kitu kingine. "Akishiba atalala," alisema. "Tunataka awe na njaa, ndipo awinde."

Asubuhi, Edina alisikia harufu kabla hajafika sebuleni. Paka alikuwa ameharisha. Tena hakuharisha sakafuni, ambako mtu angefuta na kusahau. Alikuwa amechagua benchi, juu ya zambarau ya kwaya. Eliakimu alifungua mlango aone vizuri. Paka akampita katikati ya miguu, akaruka ukuta, na hajaonekana mpaka leo.

Edina alitoa vitambaa nje, akaanza kuvifua. Alifua, akanusa, akafua tena.

"Yule paka hakuwa na adabu," alisema Eliakimu akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Usijali, nitaleta mwingine."

"Leta," alisema Edina bila kuinua uso. "Lakini safari hiyo kwenye kiroba utaingia wewe, nami nitakufunga kamba."

Ng'ambo ya ukuta mtu alicheka. Alikuwa jirani yao Stara. Stara ni afisa mifugo wa kata, na kwao, tangu kwa bibi yake, hawajawahi kukaa nyumba isiyo na paka. Wakati huo paka wake alikuwa na watoto.

"Shemeji Eliakimu," aliita, "mimi ninao watoto wa paka. Ila sikupi hata mmoja."

"Kwa nini, jirani?"

"Kwa sababu unaleta kiumbe kwanza, halafu unatafuta pa kumweka. Mniwekee chai, nakuja."

Stara alikuja, akaketi. Yasinta akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, akamsimulia habari yote ya paka. Kisha Stara akaanza.

"Yule paka hamna haki ya kumlaumu. Alisafirishwa ndani ya kiroba, hapati hewa, haoni kitu. Paka anabebwa kwenye tenga lenye kifuniko, na ndani unatandika nguo. Halafu mkampa maziwa. Paka wengi wakinywa maziwa ya ng'ombe wanaharisha. Mpeni maji safi, yawepo saa zote. Na choo je, kilikuwa wapi?"

Eliakimu alielekeza kidole nje.

"Paka anataka mchanga," Stara aliendelea. "Beseni pana, mchanga wa kina cha vidole vinne. Akijisaidia anafukia mwenyewe. Ninyi mnatoa uchafu kila siku na kumwekea mchanga mpya."

"Mchanga?" Eliakimu alicheka. "Dodoma nzima ni mchanga!"

"Ndiyo, shemeji. Kwa hiyo unashindwaje kuutia kwenye beseni?"

Edina alitamani kucheka, lakini hasira ilikuwa bado haijaisha.

Stara akasema paka apewe mahali pa kulala, hata boksi lenye kanga kuukuu linatosha.

"Kitanda cha paka!" Eliakimu alishika kichwa. "Mimi nimekulia Chamwino, nimelala juu ya ngozi ya ng'ombe!"

"Pole," alisema Stara. "Paka yeye atalala kwenye boksi."

"Na chakula, dada?" Edina aliuliza. "Huyu mwenzangu anasema paka akishiba hawindi."

"Anawinda. Kuwinda ni tabia yake, hata akiwa ameshiba. Akikaa na njaa atahamia kwa anayemlisha. Mchemshie dagaa au utumbo wa kuku, usitie chumvi wala kitunguu. Tena mtafutieni gogo, mlizungushie kamba ya katani. Paka lazima anoe kucha. Asipopata gogo atanoa kwenye viti vyenu."

Kisha Stara akaangalia sakafu, chini ya cherehani. Uso wake ukabadilika. Aliinama, akaokota vipande vya nyuzi na sindano moja.

"Hivi ndivyo vitakavyomuua," alisema. "Paka anapenda kuchezea uzi. Akiumeza, unamkaza utumbo. Fundi cherehani akitaka paka, nyuzi zote ziingie kwenye kopo lenye mfuniko, na sakafu ifagiliwe kila baada ya kazi. Na sumu ya panya je, mmeweka?"

"Ipo nyuma ya friji," alisema Eliakimu kwa sauti ndogo.

"Itoeni yote. Paka akila panya mwenye sumu, naye anakufa. Mkiwa tayari, mniite. Nitakagua."

Kwa mara ya kwanza, Eliakimu alikubali kutengeneza kitu kabla ya kukileta. Lakini usidhani Edina alipumzika. Badala ya kununua beseni, Eliakimu alikata dumu la zamani. Alilikata juu mno, hata mbuzi asingeingia. Akakata upya. Kamba ya katani aliifunga vizuri, gogo lenyewe likawa halisimami. Edina akalipigilia ubao chini. Mchanga nao Eliakimu aliuweka karibu kabisa na bakuli la chakula.

Stara alipokuja kukagua, alitikisa kichwa. "Shemeji, wewe unakula chooni?"

Edina alihamishia mchanga pembeni mwa korido. Hapo Stara akawaonya: "Anayetoa mchanga anawe mikono kwa sabuni. Na mwenye mimba asiuguse kabisa, uchafu wa paka unaweza kumletea mtoto madhara tumboni."

"Basi kazi hiyo ni ya Baba Yasinta," alisema Edina. "Yeye hana mimba."

Yasinta alicheka mpaka akakaa chini.

Walingoja mpaka paka mdogo alipofikisha miezi miwili na kuacha kunyonya. Stara akamleta kwenye tenga, rangi yake majivu, masikio makubwa kuliko kichwa. Hawakumwachia nyumba nzima mara moja. Walimweka kwanza chumba kimoja, na mchanga wake, maji yake na boksi lake. Alijificha, akachungulia, kisha akatoka kula. Alipozoea, wakamfungulia mlango, mchanga ukarudi korido. Akienda korido anafukua mchanga, akimaliza anafukia kama mkulima. Kwa sababu alilia sana kila akiona dagaa, Yasinta alimwita Kwaya.

Harufu ya paka tu ilitosha, panya wakaanza kupungua. Mkwaruzo wa darini ukanyamaza. Sare za zambarau zilivaliwa kanisani, hakuna hata moja yenye tundu. Dorothea, kiongozi wa kwaya ile, akaleta vitambaa vingine, safari hii vya kijani. Yule mama wa gauni naye alipita, akasimama, akauliza bei ya sketi.

Kwaya alipofikisha miezi mitatu, Stara alikuja kumchoma chanjo ya kichaa cha mbwa. "Ugonjwa huo unampata paka pia," aliwaeleza, "naye akiuma anaambukiza watu. Kila mwaka mnirudishie nichome tena." Akampa na dawa ya minyoo.

Alipomaliza, alimkuta Edina ameinama kwenye benchi. Alikuwa anang'oa manyoya ya paka kwenye kitambaa cha kijani, unyoya mmoja mmoja. Kwaya alikuwa amelala juu ya rundo, amejikunja, ameacha boksi lake tupu.

"Mama Yasinta, kila siku unafanya hivi?" Stara aliuliza.

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Ah, tutafunika kwa kanga," alisema Eliakimu. "Au nilete ubao? Au nimlete paka wa pili, wawe wanacheza huko nje?"

"Shemeji, hebu nyamaza kidogo," alisema Stara. "Mama Yasinta, wewe mwenyewe unataka nini?"

Edina aliacha manyoya. Alimtazama Stara, akamtazama mumewe, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni.

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi," alisema Edina, na sauti ikaanza kupanda, "tangu lile gauni lilipotobolewa, sikutaka paka. Nilitaka kabati! Kabati la milango miwili, inayofunga, niweke vitambaa vya watu. Panya asiingie, vumbi lisiingie, paka asiingie!"

Eliakimu alimgeukia. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi, na wewe umeshafika na kiroba?"

Stara alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamcheza.

Eliakimu alikuna shingo. Akanyoosha mkono kumnyanyua Kwaya kutoka kwenye vitambaa. "Basi tumrudishe huyu kwa jirani?"

Edina alimwahi. Alimchukua paka, akampakata, manyoya yakamjaa kifuani wala hakuyapangusa.

"Mwache paka wangu," alisema. "Nenda kamwite seremala. Na kabla hajakata mbao, mlete hapa, nimwambie mimi mwenyewe ninavyotaka."