Mkwe Anayesomea Nyuklia

"Pelagia, chagua moja. Mimi, au hiyo nyuklia yako."

Pelagia alikuwa ameshika kipande cha chapati. Akakirudisha kwenye sahani. Mgahawa ule wa jirani na stendi ya Kasulu ulikuwa umejaa wasafiri wanaokunywa chai wakisubiri basi la Kigoma, na mama mmoja wa meza ya pili aliacha kabisa kutafuna ili asikie vizuri.

"Rudia, Fidele. Nadhani sikusikia."

"Umesikia. Mama amekataa. Anasema mwanamke anayeshinda na mionzi hazai. Kaambiwa kanisani, kaambiwa sokoni Mabamba. Kwa nini usihamie ualimu? Chuo kipo hapa hapa Kasulu."

"Likizo hii ikiisha, nimebakiza mwaka mmoja tu."

"Najua."

"Nilianza kwa kujifunza Kirusi, Fidele. Nimelia na hesabu za vinu vya nyuklia mpaka macho yakavimba. Baridi ya kule Urusi imenichuna midomo. Halafu leo nihamie ualimu kwa sababu sokoni Mabamba wamesema?"

"Ni mama yangu, Peli."

"Na wewe je? Wewe mwenyewe unasemaje?"

Fidele Nduwayezu, fundi wa sola anayejulikana Kibondo nzima kwa maneno mengi, akainamia chai yake, akaikoroga. Pelagia akabeba mkoba wake.

"Ukipata la kusema, namba yangu unayo."

Hakuwa hata amefika nyumbani, meseji zikaanza kuingia.

*Peli nisamehe. Nimechanganyikiwa.*

*Peli upo?*

*Mbona umesoma halafu kimya?*

Baba yake, mzee Pasikali, alikuwa barazani anachambua maharage. Alimwona binti yake anavyoitupa simu kwenye kiti, akamuuliza, akaelezwa yote.

"Huyo mama wa Fidele, umewahi kukaa naye mkaongea?"

"Hapana, baba. Tunasalimiana tu kwenye simu."

"Basi mnagombana hata hamjuani. Nenda kamwone. Akikufukuza, utarudi. Barabara si ipo?"

Kesho yake Pelagia alipanda gari la Kibondo, na pale Kibondo akachukua bodaboda mpaka Mabamba. Hakumwambia Fidele. Alimkuta Mama Fidele uani, mwanamke mrefu aliyefunga kitenge kifuani, anageuza muhogo alioanika kwenye turubai.

"Mwiriwe, mama," Pelagia akasalimia.

"Mwiriwe, mwananje. Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Nakutafuta wewe. Mimi ni Pelagia."

Mkono wa mama ukasimama palepale.

"Yule wa mabomu?"

"Sisomei mabomu, mama. Nasomea mitambo inayochemsha maji kwa nyuklia, ule mvuke ndio unazungusha mashine, tunapata umeme."

"Kuchemsha maji? Ndiyo ukaenda mpaka Urusi? Kuni hapa zipo."

Pelagia alicheka kabla hajajizuia. Mama naye mdomo ulimcheza, lakini akajikaza.

"Wanasema inakausha kizazi."

"Mionzi ikizidi ina madhara, sitakudanganya. Ndiyo maana tunavaa vipima mionzi na kufundishwa kujikinga. Lakini hata hilo jua linalokausha muhogo wako, moto wake ni wa nyuklia."

Mama Fidele akatazama juu, kisha akatazama muhogo wake.

"Usinitishe na chakula changu."

"Basi ngoja nikupe mtu umuulize mwenyewe."

Akapiga simu ya video kwa mwalimu wake wa vinu. Mtandao ulikatika, simu ikadaka mnara wa Burundi, ikarudi. Hatimaye akatokea Profesa Larisa amevaa aproni, kijiko cha kupikia mkononi. Pelagia akamweleza kwa Kirusi.

"Muulize kazi hiyo kaianza lini," mama akaamuru.

"Tangu akiwa msichana kama mimi."

"Ana watoto?"

Profesa alipotafsiriwa swali hilo akacheka kwa sauti.

"Anasema watatu, mama."

"Umetafsiri, au umejitetea? Awaonyeshe!"

Mara vikatokea vichwa vitatu vya nywele za rangi ya mahindi. Kimoja kilikuwa kinatafuna. Kidogo kuliko vyote, kisicho na meno ya mbele, kikampungia mkono. Mama Fidele akapiga makofi.

"Yewe! Watatu kweli! Huyo mdogo mwambie apunguze pipi!"

Lakini simu ilipokatwa, kicheko chake nacho kikazima. Akakaa kwenye kigoda.

"Bado una neno moyoni, mama."

"Kizazi ni maneno ya sokoni tu," alisema taratibu. "Mimi nilivuka mpaka huu kutoka Burundi nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Ndugu zangu wengine walirudi, wengine wakapelekwa Ulaya, wananitumia picha. Aliyebaki ni Fidele. Wewe ukimaliza, Warusi watakupa kazi, naye atakufuata. Mimi nitageuza muhogo na nani?"

Pelagia akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yenye vumbi la muhogo.

"Kwa nini hukumwambia hivyo mwanao?"

"Mtoto wa kiume ukimwambia unaogopa, anaogopa kukuzidi."

Pikipiki ikaingia uani kwa kishindo. Ilikuwa ya Fidele, paneli ya sola imefungwa nyuma. Jirani alikuwa amemtumia ujumbe: *Wanawake wako wawili wako uani. Wahi kabla hawajauana.* Akawakuta wameshikana mikono.

"Mmepatana?"

"Sisi tumepatana," Pelagia akajibu. "Tumebaki na wewe."

Fidele akavua kofia ya pikipiki.

"Mama, jana nilimwambia Peli achague. Nilikosea. Nampenda yeye na nyuklia yake. Na wewe siwezi kukutupa. Hata Kasulu nikilala siku mbili naumwa, itakuwa Urusi?"

"Na wewe, binti? Warusi wakikuita?"

"Nitakwenda kujifunza, nitarudi. Nataka kufanya kazi nchi hii. Siwezi kukuahidi Mabamba, mama. Kazi yangu inaweza kuwa Dodoma, inaweza kuwa Arusha. Ila palipo na nyumba yangu, chumba chako kipo."

"Chenye dirisha?"

"Mawili."

Mama Fidele akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamgeukia mwanawe.

"Umesimama nini? Kamata kuku."

Jumapili iliyofuata walikwenda Kasulu kuposa. Moses, baba mdogo wa Fidele, ndiye aliyekuwa mshenga. Mzee Pasikali alipouliza harusi inatakiwa lini, Moses akajibu haraka:

"Kabla binti hajasafiri. Akiwa mke wa mtu ndiyo tutakuwa na uhakika atarudi."

"Hapana!"

Wote wakageuka. Mama Fidele alikuwa amesimama, ingawa zamu yake ya kusema haikuwa imefika.

"Amalize kwanza. Mukazana wanje, mke wa mwanangu huyu, ataingia kwangu na shahada yake mkononi. Na asitokee mtu wa kumwambia achague. Fidele, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Vigelegele vilipotulia, Fidele akamnong'oneza Pelagia:

"Mwaka mzima, Peli?"

"Mimi sina kauli. Muulize mama mkwe wangu."

Pelagia alirudi na shahada yake, na ndoa ikafungwa Kasulu wakati mahindi yameshavunwa. Siku hiyo Mama Fidele alivua viatu, akacheza mpaka mpiga muziki ndiye akaomba apumzike.