Rupia Iliyosuguliwa Upande Mmoja

Kila msimu wa korosho, Mwamina akirudi kutoka shule pale Mbekenyera, alivua sare, akala, kisha akaketi mkekani kumsaidia bibi yake kuchambua. Korosho safi zilizokauka vizuri ziliitwa daraja la kwanza. Zenye madoa meusi zilitengwa kwenye fungu la daraja la pili, bila huruma. Mikono ya Mwamina ilikuwa myepesi, ila akili yake haikukaa mkekani hata kidogo. Mtoto huyu alikuwa bingwa wa kuota mchana kweupe.

Siku hizo aliota kuhusu rupia. Bibi Kulthumu alikuwa na rupia moja ya fedha, ya enzi za Wajerumani, aliyoachiwa na bibi yake mwenyewe. Aliifunga kwenye kitambaa na kuitia ndani ya kopo la majani ya chai. Upande mmoja ulikuwa na mtu mwenye kofia ya vita, nao kwa miaka mingi ulikuwa umeingia rangi: buluu pembeni, zambarau shavuni, dhahabu kidogo kwenye pua. Mwamina alipoigeuzageuza kwenye mwanga, aliona mambo. Aliona Mto Ruvuma saa za jioni, wanawake wakivuka na mizigo kichwani, na msichana wa rika lake akiwa ameifumbata rupia hiyohiyo wakati bado ni nyeupe. Akizama humo, Bibi alimwita hadi akachoka.

Mwalimu Maximilian, mstaafu wa Nachingwea aliyewahi kumfundisha mama yake Mwamina, alikuwa akiandaa maonyesho ya picha za sarafu za kale. Alipiga simu mwenyewe.

"Sarafu ibaki kwenu, msimpe mtu," alisema. "Mimi nataka picha za pande zote mbili. Nitaziangalia, niipe rupia daraja lake. Ikiwa haijaharibiwa, picha zake zitakaa ukuta wa mbele, na jina la Bibi Kulthumu chini yake."

Bibi alifurahi mno. Jina lake hakuwahi kuliona limeandikwa popote, isipokuwa kwenye kadi ya kliniki. Alianza hata kuwauliza majirani avae khanga ipi siku hiyo.

Asubuhi ya Jumamosi Mwamina alichukua simu ya mama yake, akapiga picha upande wa mtu, kisha upande wa pili uliokuwa na simba. Loo, simba wa watu alikuwa amefifia, amejaa weusi na madoa.

"Hili ni daraja la pili kabisa," Mwamina alijisemea, kama vile yuko mkekani na korosho zake.

Hakumwuliza mtu. Alichota majivu jikoni, akakamulia ndimu, akamsugua simba kama anavyosugua sufuria, mpaka akawa mweupe pe. Kisha akampiga picha nyingine, akaituma pamoja na ile ya mtu, roho kwatu.

Jioni ujumbe wa sauti wa Mwalimu uliingia kwenye simu.

"Mwamina, upande wa mtu umenifurahisha. Rangi zile si uchafu. Fedha hujipaka yenyewe ikikaa miaka mingi, na hata weusi ni sehemu ya umri wake. Ila huyu simba ananitatiza. Weupe huu unaweza kuwa mwanga tu wakati wa kupiga picha, au rupia imesuguliwa. Kwenye picha siwezi kutofautisha. Kama ni mwanga, nitumie picha nyingine."

Mwamina aliiinamisha rupia kwenye taa, akaona mikwaruzo myembamba kwenye manyoya ya simba. Akafungua simu. Picha ya kwanza ya simba, ile yenye weusi, bado ilikuwamo. Akiituma hiyo, Mwalimu atadhani ni mwanga, Bibi atapata ukuta wake wa mbele, na hakuna kiumbe atakayejua. Kidole kilikaa juu ya picha ile muda mrefu. Lakini roho ilimsuta, na hatimaye akapiga moyo konde akaenda kwa Bibi.

"Bibi, nimeiharibu rupia yako. Nimeisugua kwa majivu." Akaeleza yote, hata habari za ile picha ya zamani.

Bibi aliichukua rupia, akampapasa simba kwa kidole gumba. Machozi yalimlengalenga.

"Umeniumiza, mjukuu wangu," alisema. "Ungeniuliza tu. Lakini jina langu likae chini ya picha ya uongo? Hapana. Mwambie Mwalimu ukweli, ukuta wa mbele tuuache."

Mwamina alituma picha zote mbili za simba, ya kabla na ya baada, akakiri kwa sauti yake mwenyewe huku akilia.

Siku ya maonyesho walikwenda Nachingwea. Picha zao hazikuwa mbele, zilikuwa ukuta wa nyuma karibu na mlango. Chini yake paliandikwa jina kamili la bibi, halafu: *Upande wa mtu, daraja la kwanza. Upande wa simba umesuguliwa.* Mwamina alitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, macho chini.

"Marahaba. Inua uso, binti." Mwalimu Maximilian aliwaonyesha ukumbi mzima kwa mkono. "Sarafu zote hizi nimezipa daraja kwa kutazama picha, na picha hudanganya. Wapo walioongeza rangi, wapo walioficha mikwaruzo, nami sina pa kuwashikia. Humu ndani kuna rupia moja tu ambayo nina hakika nayo, kwa sababu mtoto aliyeiharibu ndiye aliyeniambia. Usiguse usichokijua kabla ya kuuliza. Na ukikosea, sema, ndipo watu watakapokuwa na hakika nawe."

Bibi Kulthumu alisogea ukutani, akaweka kidole chini ya jina lake, akalisoma polepole, herufi kwa herufi, kisha akamshika Mwamina mkono.