Mbuzi Kwenye Kifusi cha Jivraj

Ukuta wa juu wa ghorofa la Jivraj uliporomoka Jumanne moja ya Septemba 1966, saa nne na robo asubuhi, ukamvunja mguu Yustina, mpishi wa mafundi. Kufika saa sita, fundi mkuu, Mzee Mughwai, alikuwa mahabusu hapo hapo Singida mjini. Saruji iliyoshika matofali ilisagika mkononi kama unga, na msimamizi wa ujenzi, Mselemu, aliyekuja mbio kutoka kwenye nyumba yake mpya mtaa wa pili, alikwisha kutoa hukumu.

"Mzee ameiba saruji. Muulizeni kaipeleka wapi."

Sajini Yeremia hakupenda majibu yanayotangulia maswali. Alianzia nyumbani kwa Mughwai: tembe ya miti na udongo, hata sakafu haikuonja saruji. Akamfuata mwenye ghorofa.

"Labda wewe ndiye uliyeagiza saruji ipunguzwe?"

"Sajini, chumba kile cha juu nitalala mimi na mke wangu Champa," alisema Jivraj. "Nitajiua kwa sababu ya mifuko kumi?"

Hilo liliingia akilini. Yeremia akamwacha.

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuta mbuzi wanne juu ya kifusi. Walilamba matofali, wakafukuzwa, wakarudi. Yeremia alikulia kwa wafugaji wa Manyoni, hakuhitaji kuambiwa mbuzi anatafuta nini. Aliokota kipande cha saruji iliyochanganywa na mchanga, akakiweka kwenye ulimi. Chumvi tupu!

Akamwita Mselemu.

"Mchanga huu ulitoka wapi?"

"Mtoni, afande. Safari ishirini za lori."

"Na wa nyumba yako?"

"Huo nao... wa mtoni."

"Basi twende tukaonje."

Nyumba ya Mselemu ilikuwa na vyumba sita vya kupangisha. Yeremia alionja ukuta mmoja baada ya mwingine, majirani wakimcheka. Hapakuwa na chumvi hata chembe.

"Lori lilikwenda mtoni kweli, ila mchanga ulishushwa hapa," alisema. "Kwa Jivraj ulipeleka wa kando ya Ziwa Singidani, maana ni karibu. Chumvi na tope la ziwani vimeiharibu saruji. Na ulijua, ndiyo maana kwako hukuutia."

Mselemu aliketi kizingitini.

"Maofisa wanahamia kila mwezi, vyumba hakuna," alisema. "Ghorofa la Jivraj nalo lina vyumba vya kupangisha; lingekwisha kwanza, nani angepanga kwangu? Nilitaka kumuwahi tu."

Jioni hiyo Mughwai aliachiwa, akaenda moja kwa moja hospitali.

"Shikamoo, mzee," alisema Yustina kwa furaha. "Nilijua hukuiba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee hakukaa. "Ule mchanga niliuonja siku ya kwanza. Nikamwambia Mselemu. Akacheka, akaniuliza mjenzi wa tembe anajua nini habari za ghorofa. Nikaona aibu mbele ya vijana. Nikajenga."

Furaha ilimtoka Yustina. Aliutazama mguu wake uliofungwa.

"Miezi mitatu nimepika chini ya ukuta ule, mzee," alisema. "Ungeniambia mimi."