Najla wa Mbao

Alhamisi ya mwisho kabla ya Idi, soko la Sinaw, huko Omani, halina adabu. Watu wanasukumana, magari yanawapigia honi mbuzi, mbuzi wanajibu, na vumbi linamkalia kila mtu. Najla alikuwa akipita katikati ya zogo hilo, abaya yake nyeusi imetiwa nakshi za kijani mikononi, akimtafutia babu yake mnyama wa Idi. Mara beberu mmoja akachomoka kwa mwenyewe, akamzunguka na kumfunga miguu kwa kamba.

Hakuanguka. Aliikamata ile kamba kwa mikono miwili, akakaza.

Kijana mmoja akaja mbio, kanzu ameikunja mpaka magotini, kofia imemwendea upande. "Ya Rabbi, mbuzi hii itanitia wazimu!" alijisemea kwa Kiswahili.

"Mbuzi huyu atakutia wazimu," alisema Najla.

Kijana alisimama ghafla. "Wallahi? Unasema Kiswahili?"

"Zaidi yako, naona."

"Mimi mtu wa Nizwa. Kiswahili changu cha jikoni kwa mama."

"Basi mama hajamaliza kazi yake."

Alicheka mpaka akasahau kuipokea kamba. Alikuwa mrefu, mweusi wa kupendeza, na kicheko chake kilianzia machoni. Jina lake Sinan. Alikuwa mhandisi, na mama yake, Bi Fawziya, aliletwa Nizwa kutoka Pemba akiwa mtoto mdogo. Kumbe yeye na Najla wote wawili walikuwa wakikaa Sur, mji wa pwani. Sinan alikuwa amehamia huko karibuni kwa kazi za barabara. Najla alizaliwa hapo.

"Unafanya kazi wapi Sur?" Sinan aliuliza.

"Nauza mbao."

"Mbao? Weye?"

"Miye. Ukitaka mlango, njoo. Lakini mbuzi mwache nje."

Wiki ile ile ya Idi simu zilianza. Mwanzo Sinan alipiga kuuliza bei ya milango, kisha aina ya mbao, na mwisho akakosa kisingizio.

"Leo unataka nini, bashmhandisi?"

"Leo nataka sauti tu."

"Sauti hatuuzi."

"Basi nikopeshe, habibti. Nitarudisha kesho."

Najla alijifanya kuguna, lakini alitabasamu peke yake ukumbini mpaka babu yake akamuuliza kama meno yanamuuma.

Babu huyo, Mzee Marhun, ndiye aliyemlea. Karakana ilikuwa yake, nyuma ya soko la zamani, na kabla yake ilikuwa ya baba yake, aliyekuwa akileta boriti za mikoko kutoka Rufiji na misaji kutoka Malabari, Bara Hindi. Siku hizo Sur yote ilikuwa mbao. Mafundi walipiga shoka tangu alfajiri, na nyumba za matajiri kule mtaa wa Aija ziliezekwa kwa boriti za mzee huyo. Kisha ikaja gesi, kikaja kiwanda cha mbolea, ikaja barabara pana ya Maskati. Mji ukatanuka mpaka ukayafikia majabali. Bibi yake alipofariki, Najla aliacha kazi yake ya benki Maskati, akarudi kumshikia babu karakana. Watu wakamwita Najla wa Mbao, na jina likakaa.

Jioni, yeye na Sinan walipenda kupita juu ya daraja la Aija, vikombe vya chai ya maziwa mkononi, dada yake Najla, Kaltham, akiwafuata nyuma na simu yake ili watu wasiseme.

"Utazame mji wako unavyowaka," Sinan alisema, akinyoosha mkono upande wa viwanda. "Nyumba mpya, maduka mapya, vijana wanapata kazi bila kuhama. Unakua, Najla."

"Unakua kama mtoto wa watu," alijibu. "Kila nikimwona, nguo zimembana."

"Tutamshonea nyingine."

"Mpime vizuri kwanza, fundi."

Kaltham, nyuma yao, akacheka.

Siku Sinan alipokuja kuagiza mlango wa mama yake, alimkuta Najla katikati ya karakana, mtandio ameufunga nyuma ya shingo, unga wa mbao kwenye nyusi. Alimnusisha mvule, akamnusisha msaji, akamfundisha kuzitambua akiwa amefumba macho. Sinan alicheka, kisha akatazama nje, kwenye kona ya njia na msikiti, akawa anapima njia kwa macho.

"Vipi? Harufu imekulevya?"

"Hapana. Karakana yenu ndiyo hii? Hapa hapa?"

"Wewe ulidhani wapi?"

"Basi tu," alisema Sinan, na siku hiyo aliondoka mapema.

Haikupita muda, wenye maduka wa mtaa ule wakaitwa kwenye ukumbi wa manispaa kuelezwa mpango wa barabara mpya. Najla alikwenda na babu. Ukumbi ulijaa kanzu nyeupe na harufu ya udi. Picha ya mtaa ilioneshwa ukutani, na juu yake mstari mwekundu uliotoka kwenye viwanda, ukapita sokoni, ukalala moja kwa moja juu ya karakana ya Mzee Marhun. Karakana zote za mbao zingehamishiwa eneo jipya la viwanda, nje ya mji.

"Sasa mhandisi aliyechora njia atawaeleza," alisema msimamizi.

Aliyesimama alikuwa Sinan.

Alimwona Najla kabla hajafungua mdomo. Alisoma karatasi yake kwa sauti ya chini mpaka mwisho. Walipotoka, Najla alikuwa akimsubiri kwenye ngazi.

"Ulijua."

"Nilijua siku ile nilipokuja kwenu. Kabla yake sikujua kama ni yenu."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa najaribu kuisogeza barabara, Najla. Nilitaka nikuletee habari njema."

"Au ulitaka kunilainisha kwanza? Chai darajani, nikopeshe sauti, kisha tingatinga linakuja?"

"Wallahi siyo hivyo!"

"Khalas, Sinan. Usinipigie."

Alimshika babu mkono, wakaondoka. Sinan alipiga usiku ule, akapiga kesho yake. Simu ililia mezani kati ya sahani za chakula mpaka Kaltham akaigeuza kifudifudi. Najla alipasua mbao wiki nzima kwa hasira, hata wateja wakamwogopa. Jioni alipita kwa gari karibu na daraja, akageuza njia.

Sinan alipoona hapokelewi, alivaa kanzu safi, akaenda mwenyewe kwa Mzee Marhun wakati Najla alipokwenda bandarini kupokea mzigo.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kuomba radhi. Ningekwambieni mapema, nikaogopa kumpoteza. Nikampoteza vilevile."

"Marahaba. Kaa kitako," alisema mzee. "Na huko unakotuhamishia kukoje?"

Sinan alidhani atafukuzwa. Badala yake aliulizwa habari za umeme, za maji, za upana wa njia ya malori. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa, na macho yakazidi kumng'aa.

Najla aliporudi alimkuta babu yake anaimba.

"Babu, una nini?"

"Alikuja yule kijana wako."

"Si wangu."

"Haya, kijana wa watu. Najla, hebu nikwambie. Miye karakana hii imenichosha. Vumbi kifuani, malori hayapiti, majirani wanalalamika na mashine. Ningekwisha hama zamani. Nimekaa kwa ajili yako weye, uliyeacha benki yako kwa kuipenda."

Najla aliweka funguo mezani polepole. "Mimi? Babu, mimi nilirudi kwa ajili yako! Nilidhani ukiondolewa hapa utakufa kwa majonzi."

"Nife kwa majonzi ya kuta hizi zinazovuja?"

Walitazamana. Kaltham ndiye aliyeanza kucheka, kisha mzee, kisha Najla, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Akaichukua simu.

"Sinan."

"Najla?" Kiti kilisikika kikisukumwa. "Naam. Nipo. Nakusikiliza."

"Nipeleke nikaone hilo eneo lako."

Walikutana asubuhi, Kaltham akiwa garini na chupa ya chai. Palikuwa uwanda mtupu, nguzo za umeme mpya na upepo unaopiga. Najla alitembea huku na huku, akipima kwa hatua zake.

"Nataka kiwanja cha pembeni, malori yaingie huku yatokee kule."

"Hayo utamwambia mhandisi mwenzangu, Ghassan," alisema Sinan. "Nimeomba kazi ya mtaa wenu apewe yeye. Sitaki mtu aseme ulipendelewa. Wala sitaki wewe ushuku tena."

Najla alisimama, mtandio ukimpepea usoni. "Ungeniambia siku ile ile."

"Ningekwambia siku ile ile. Nimekosa."

"Ukinificha tena jambo, hata dogo..."

"Sitakuficha. Sasa hivi ninalo moja, nilitoe?"

"Litoe."

"Mama yangu anataka kuja Sur. Na si kwa mlango."

Najla aligeuka upande wa majabali ili asionekane anavyotabasamu. "Mwambie asubiri tuhame kwanza."

Bi Fawziya hakusubiri. Siku ya kuhama, malori yakiwa yanashusha misaji na mivule kwenye karakana mpya yenye dari ya juu, alishuka garini na kilemba cha hariri cha rangi ya zambarau, ndugu zake wawili nyuma, na sinia la halua. Akamkuta Mzee Marhun amekaa juu ya rundo la mbao akiamrisha watu. Posa ikafanyika hapo hapo, halua ikiwa juu ya ubao.

"Nikikupa mjukuu wangu, utamwachisha kazi?" mzee alimuuliza Sinan.

"Nitajenga nyumba, babu. Nani ataniuzia mbao?"

"Haya. Na mwenyewe aulizwe." Akamgeukia Najla. "Mama, umesikia? Unasemaje?"

Wakati huohuo fundi wa umeme akaijaribu mashine kubwa ya kupasulia. Ikanguruma, karakana nzima ikatetemeka. Najla alisema neno, hakuna aliyelisikia. Bi Fawziya akaweka mkono sikioni. Sinan akasogea, uso umemtoka jasho.

"Unasemaje?" alipiga kelele.

Najla akavuta pumzi, akapaza sauti yake yote, na fundi, asijue lolote, akaizima mashine.

"NIMEKUBALI!"

Neno likagonga dari, likatoka nje, likawafikia madereva wa malori waliokuwa barabarani. Wakaanza kupiga honi.